Nani Ana Ruhusa ya Kukuandikia Kodi Marekani? Leseni za Wahasibu na Watayarishaji wa Ritani

Mimi si mhasibu. Nilikuwa karani wa hesabu, kwanza kwetu pwani, kisha hapa Maskati, mpaka nilipostaafu. Karani huandika alichoambiwa, mhasibu ndiye anayeulizwa kwa nini kimeandikwa. Nataja haya mapema ili asije mtu akanipigia simu kuniomba nimwandikie kodi yake. Ninachoweza ni kueleza jinsi ya kumtambua anayestahili kupewa kazi hiyo kule Marekani, maana familia nyingi za hapa Ghuba zina mtoto, ndugu au mjukuu kule, na wengi wetu tunadhani nchi kubwa kama ile haiwezi kumwachia mtu yeyote afungue meza na kuandika kodi za watu. Inamwachia, na mimi nililijua hilo kwa hasara.

Mwanangu wa kiume anaishi Columbus, jimbo la Ohio. Miaka michache nyuma aliambiwa na wenzake kazini kwamba yuko bwana mmoja, mzungumzaji mzuri, anayeandika ritani za kodi nyuma ya duka, na kwamba ukienda kwake pesa unazorudishiwa na serikali huwa nyingi kuliko kwingine. Akaenda. Yule bwana akamuuliza, "Una mtoto yeyote wa ukoo mwenye namba ya Social Security?" Mwanangu akajibu kweli kwamba yuko binti wa dada yake, aliyezaliwa hukohuko mama yake alipokuwa masomoni. Akaombwa namba, akatoa. Akalipa dola 300 taslimu bila kupewa risiti, na baada ya wiki kadhaa pesa zikaingia. Akanipigia simu kwa furaha, na mimi nikamshukuru Mungu pamoja naye.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Serikali ilitaka ushahidi kwamba yule mtoto aliishi nyumbani kwake Columbus kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na ikaomba karatasi za skuli au za daktari zenye anwani ile. Sasa, mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu. Anakaa kwangu hapa Maskati na skuli anasoma hapa. Mwanangu akaniuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Baba, karatasi zake za skuli zina anwani gani?"

Nikamwambia anitumie picha ya ritani yote, kila ukurasa. Fomu 1040 ina kurasa mbili, na chini kabisa ya ukurasa wa pili pana sehemu ya mtayarishaji aliyelipwa, yenye nafasi ya jina, sahihi, tarehe, namba yake, na jina na simu ya ofisi yake. Palikuwa peupe. Kwa mujibu wa karatasi ile, mwanangu ndiye aliyejiandikia mwenyewe. Simu ya yule bwana ilikuwa haipokelewi tena.

Wamarekani humwita mtu wa namna hii mzimu: ameandika, amelipwa, lakini hayumo. Mwanangu alirudisha zaidi ya dola 5,000, na juu yake riba na adhabu ya asilimia 20. Lililomuuma zaidi ni kuwa ile nafuu ya kodi wanayopewa wafanyakazi wenye kipato kidogo, inayoitwa kwa ufupi EITC, alizuiwa kuiomba kwa miaka miwili. Sheria inasema hivyo kwa aliyeiomba kwa uzembe wa kutojali masharti. Ikithibitika udanganyifu, kizuizi ni miaka kumi. Yeye alisema hakujua. Aliulizwa kama alikuwa ameisoma ritani kabla ya kuitia sahihi, na hakuwa ameisoma.

Leseni ya taifa haipo

Marekani haina leseni ya serikali kuu kwa mtu anayeandika ritani za wengine kwa malipo. Inachotaka IRS, yaani idara ya kodi ya serikali kuu, ni kwamba kila anayelipwa kwa kazi hiyo awe na namba ya utambulisho iitwayo PTIN. Sharti hili limeanza kutumika kikamilifu tangu mwaka 2011. Namba huanza kwa herufi P na kufuatiwa na tarakimu nane, na inahuishwa kila mwaka kwa ada ndogo, mwaka 2025 ilikuwa chini ya dola 20. Hakuna mtihani wala cheti cha skuli kinachotakiwa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha PTIN usidhani amekuonyesha elimu yake. Amekuonyesha kwamba serikali inajua alipo, na hilo peke yake lina faida, kwa sababu mzimu ndilo analolikimbia.

Serikali ilijaribu kuweka zaidi. Mwaka 2011 IRS ilitoa kanuni kwamba watayarishaji wote wasio na sifa nyingine wafanye mtihani na wasome saa 15 kila mwaka. Watayarishaji watatu wakaenda mahakamani, na kesi ikajulikana kwa jina la mmoja wao, Loving. IRS ilitegemea sheria ya mwaka 1884, na hapa sisi wapenda mambo ya kale tunapata kitu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, raia walidai fidia ya farasi na mali nyingine walizopoteza vitani. Wakazuka mawakala wa kuwadaia, na wengi wao wakakuza madai, farasi mmoja akahesabiwa kama kikosi. Bunge likaipa Hazina uwezo wa kuchagua ni wakala gani asimame mbele yake kwa niaba ya mtu. Mwezi wa Februari 2014 mahakama ya rufaa mjini Washington ilisema kuwa kumwandikia mtu ritani si kusimama mbele ya Hazina kwa niaba yake, na hivyo sheria ya farasi haiwafiki watayarishaji. Hukumu iliandikwa na Brett Kavanaugh, ambaye sasa ni jaji wa Mahakama Kuu ya nchi ile. Mtihani ukafa. Bunge lingeweza kutunga sheria mpya, lakini halijafanya hivyo.

Mimi nadhani mahakama ilisoma sheria sawasawa, na matokeo yake ni mabaya kwa watu kama mwanangu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Wenye sifa ni akina nani

Wako watu wa aina tatu wanaoruhusiwa kumwakilisha mlipa kodi mbele ya IRS katika jambo lolote, hata kama ritani iliandikwa na mtu mwingine: mwanasheria, mhasibu wa umma mwenye cheti anayeitwa CPA, na wakala aliyeandikishwa anayeitwa EA. Wote wanabanwa na kanuni za maadili za Hazina, na wakivunja wanaweza kufungiwa.

EA ndiye mjukuu wa ile sheria ya farasi. Cheti chake hutolewa na serikali kuu, kwa hiyo kinafanya kazi katika majimbo yote. Anafanya mtihani wa sehemu tatu, moja ya kodi za watu binafsi, moja ya kodi za biashara, na ya tatu ya uwakilishi na taratibu. Kila sehemu ina maswali 100. Aliyefanya kazi ndani ya IRS kwa angalau miaka mitano katika kazi zinazohusika anaweza kusamehewa mtihani. Wote hukaguliwa kama wao wenyewe wamelipa kodi zao na kama wana rekodi ya jinai. Baada ya hapo husoma saa 72 katika kila miaka mitatu, zikiwemo saa mbili za maadili kila mwaka. Jambo ambalo vijana wetu hawalijui ni kwamba EA hahitaji shahada ya chuo kikuu. Nina mpwa aliyeacha chuo kwa kukosa ada, na nimemwambia hivyo zaidi ya mara moja.

CPA hupewa leseni na bodi ya jimbo, wala si na serikali kuu. New York ilikuwa ya kwanza kutunga sheria ya cheti hiki, mwaka 1896. Mtihani wenyewe ni mmoja kwa nchi nzima, una sehemu nne za saa nne kila moja, na alama ya kufaulu ni 75. Tangu Januari 2024 sehemu tatu ni za lazima kwa wote, na ya nne mtu huchagua. Juu ya mtihani kuna uzoefu wa kazi na masomo ya chuo. Kwa miaka mingi majimbo yalidai saa 150 za masomo, yaani kama mwaka mmoja zaidi ya shahada ya kawaida, na sasa yameanza kulegeza. Ohio ilibadili sheria yake mwaka 2025 ili mwenye shahada ya kwanza aweze kufidia mwaka ule kwa kufanya kazi miaka miwili. Aliyesoma nje ya Marekani hupeleka vyeti vyake vikatathminiwe kwanza. Kwa walioko huku, mtihani hufanyika pia Ghuba, zikiwemo Imarati, Bahrain na Kuwait, ila leseni bado itatoka kwa bodi ya jimbo mojawapo, na masharti hayafanani, basi chagua jimbo kabla ya kulipa ada.

Chini ya hao watatu wako waliomaliza mpango wa hiari wa IRS wa mafunzo ya kila mwaka, kwa kawaida saa 18 pamoja na mtihani mfupi. Hawa wanaweza kukusemea kwa maofisa wa kawaida juu ya ritani waliyoiandika na kuitia sahihi wao wenyewe, lakini si kwenye rufaa wala kwa wakusanyaji wa madeni. Wa mwisho ni mwenye PTIN tupu. Anaruhusiwa kuandika, lakini barua ikija hana ruhusa ya kukuwakilisha.

Majimbo machache yameweka leseni yao wenyewe. Oregon ndiyo kali kuliko zote: saa 80 za kozi ya mwanzo, kisha mtihani wa jimbo, na mwenye leseni ya ngazi ya kwanza hufanya kazi chini ya usimamizi wa aliyemzidi. California inadai kozi ya saa 60, dhamana ya dola 5,000 na saa 20 za masomo kila mwaka. Maryland ina mtihani. New York na Connecticut zina usajili na vibali vyao. Ohio haina kitu cha aina hii, na majimbo mengi ni kama Ohio.

Kabla ya kutia sahihi

Kwanza uliza: "Wewe ni EA, CPA, au nani?" Asiwaogopeshe kwa kusema yeye ni "mtaalamu wa kodi," maana hilo si cheo. Akitaja cheo, kithibitishe mwenyewe. IRS ina orodha kwenye tovuti yake ya watayarishaji wenye sifa, inayotafutika kwa jina na mahali. Asiyekuwa na sifa yoyote ila PTIN hamo humo, kwa hiyo kumkosa si lazima kuwe na maana ya utapeli, bali kuna maana kwamba cheo alichokutajia hakipo. CPA hutafutwa kwenye tovuti ya bodi ya jimbo lake, na huko utaona pia kama aliwahi kuadhibiwa.

Pili, bei. Anayedai asilimia ya pesa utakazorudishiwa ana sababu ya kuzikuza. IRS yenyewe inaonya watu juu ya wa namna hiyo. Na pesa ziingie katika akaunti yako, si yake. Sheria inamkataza mtayarishaji kuidhinisha na kubadilisha hundi yako ya marejesho.

Tatu, na hili ndilo lililomwangusha mwanangu, soma. Siku hizi ritani hupelekwa kwa kompyuta, na wewe hutia sahihi fomu 8879 ya kumruhusu mtayarishaji aipeleke. Watu hudhani wanatia sahihi ya kupokea pesa. Kabla ya fomu hiyo omba ritani nzima, angalia majina ya watoto na mahali walipoishi, angalia kama kuna biashara usiyoijua, halafu teremka mpaka chini ya ukurasa wa pili uone jina, sahihi na ile namba inayoanza na P. Mtayarishaji analazimishwa na sheria kutia sahihi na kukupa nakala. Adhabu yake asipotia sahihi ni makumi ya dola tu kwa kila ritani, ambayo kwa tapeli ni kama nauli ya basi. Ndiyo maana usimtegemee ajisahihishe.

Nilisoma skuli ya misheni, na mwalimu wetu wa hesabu, padri mmoja mwenye mkono mzito, alitufundisha kwamba nafasi iliyo wazi kwenye karatasi ya pesa hupigwa mstari kwa wino kabla ya mtu kutia sahihi. Nilifanya hivyo kazini miaka yote, hata wenzangu wakanicheka. Mwanangu sikumfundisha. Nilidhani kompyuta zimeliondoa jambo hilo.

Asiye na pesa za kulipa atafute kituo cha VITA. Ni mpango wa IRS wa kuwaandikia bure wenye kipato cha chini na cha wastani, na wanaojitolea humo hufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa. Vituo hivyo huwa kwenye maktaba na kumbi za mitaa. Aliyekwisha kuumizwa apeleke malalamiko kwa fomu 14157, na kama ritani iliandikwa au kubadilishwa bila idhini yake, aongeze fomu 14157-A. Mwanangu alipeleka ya kwanza tu, kwa sababu hakuweza kuapa kwamba hakutoa idhini.

Nongeze neno kwa walioko hapa Ghuba wenye pasi au grini kadi ya Marekani. Kukaa kwako Maskati au Dubai hakukuondolei wajibu wa kupeleka ritani, kwa sababu Marekani inawatoza watu wake popote walipo. Aliye nje ya nchi ana muda mpaka 15 Juni, na kwa mwaka 2025 anaweza kuomba mshahara wake wa nje mpaka dola 130,000 usitozwe, lakini lazima auombee katika ritani. Na kama jumla ya akaunti zake za nje ilipita dola 10,000 siku yoyote katika mwaka, kuna taarifa nyingine tofauti ya kupeleka. Mtayarishaji wa mtaani aliyezoea madereva na wauza duka huenda hajawahi kuigusa taarifa hiyo. Kwa mambo haya mimi singekwenda kwa mtu aliye chini ya EA au CPA.

Na huku kwetu

Imarati wamekwenda njia nyingine. Anayetaka kuwa wakala wa kodi, wa kumsimamia mtu mbele ya mamlaka ya kodi ya shirikisho, lazima aandikishwe, na hutazamwa elimu, uzoefu na bima, na majina ya walioandikishwa yako kwenye tovuti ya mamlaka. Kwa mwenye duka ni jambo la kujua, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani ipo tangu Januari 2018, na kodi ya faida ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000 imeanza na miaka ya hesabu iliyofunguliwa kuanzia Juni 2023. Oman ina kodi ya ongezeko la thamani tangu Aprili 2021, na kodi ya mapato ya watu binafsi, asilimia 5 kwa kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, imepangwa kuanza 2028. Wengi wetu haitatugusa. Lakini pale kodi inapoingia, wa nyuma ya duka naye huingia.

Nyumbani Tanzania mhasibu huandikishwa na NBAA, bodi iliyowekwa na sheria namba 33 ya mwaka 1972, na washauri wa kodi huandikishwa na TRA. Kenya wahasibu wako chini ya ICPAK na sheria ya mwaka 2008. Uingereza, ajabu, neno "mhasibu" halina mlinzi, mtu yeyote anaweza kuliandika mlangoni, ingawa lazima awe chini ya msimamizi wa sheria za utakatishaji fedha. Kinacholindwa ni cheo cha "chartered". Wenye watoto London au Leicester walikumbuke hilo.

Mwanangu alimaliza miaka yake miwili. Safari hii alikwenda kwa mama mmoja ambaye ni EA, akalipa kwa kadi na akapewa risiti. Kabla ya kutia sahihi alinitumia picha ya ukurasa wa pili. Ilikuwa usiku huku, nikavaa miwani nikahesabu: P, na tarakimu nane. Chini yake jina, sahihi, na simu. Nikaipiga ile simu. Akapokea.